Amana ya Mnakili



Wazee wetu humsema mtu asiyejua kusoma kuwa hajui hata alifu kwa kijiti. Sisi tuliosomea chuoni hapa Ngamiani, Tanga, tunakijua kijiti hicho. Mwalimu aliandika alifu juu ya ubao, nasi tukaifuatisha chini yake mara ishirini, mara thelathini, mpaka alifu yetu isimame kama yake. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyedai kuwa alifu ile ameibuni yeye. Tulijua ni ya mwalimu, na mwalimu naye aliipokea kwa mwalimu wake.

Nimeanza na ubao huo kwa kuwa habari ninayotaka kukusimulia ni habari ya kufuatisha, na ya taksiri moja niliyoitenda nikiwa mtu mzima mwenye mvi, taksiri ambayo aliyenionyesha ni mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Nilifundisha shule za msingi muda wa miaka thelathini na tatu. Katika kazi hiyo nilizoea kuchora ubaoni: moyo wa binadamu na mishipa yake, ramani ya Afrika, mmea na mizizi yake. Nilipostaafu, mpwa wangu anayekaa Maskati alikuja likizo akaniletea sanduku la chaki za rangi, vipande 48, zile ambazo wachoraji huziita pasteli, pamoja na kitabu kikubwa cha picha za kale. Akaniambia, "Mjomba, ulikuwa ukichora kwa chaki ya serikali, sasa chora kwa yako mwenyewe."

Usidhani kuwa chaki hizo ni kama za darasani. Hizo ni unga wa rangi wenyewe, uliochanganywa na unga mweupe laini na gundi kidogo tu ya kuushikisha, ukaviringishwa na kukaushwa. Kwa kuwa gundi ni kidogo, ukiigusa karatasi rangi huanguka kama unga wa bawa la kipepeo. Hazitaki maji wala mafuta, wala hakuna kungojea zikauke. Rangi uionayo mkononi ndiyo utakayoiona karatasini. Lakini urahisi huo una bei yake: kidole kimoja kikipita mahali pasipo pake, kazi ya asubuhi nzima imechafuka.

Nilikifungua kitabu nikatafuta picha ya kufuatisha, na jicho langu likatua juu ya kijana aliyeketi anaandika. Amekunja miguu chini, kilemba kikubwa cheupe kichwani, vazi la buluu lililotiwa maua ya dhahabu, kichwa kimeinama, kalamu mkononi, na ukurasa ulio mapajani mwake bado mweupe. Nilipomtazama nilijiona mimi mwenyewe chuoni. Nikasema, huyu ndiye mwalimu wangu.

Siku ya kwanza nilifanya haraka, nikaanza na kilemba, nikashuka usoni, na nilipofika miguuni karatasi ilikuwa imekwisha. Siku ya pili mabega yalikuwa mapana kama ya mchukuzi wa bandarini. Ndipo nilipokumbuka kuwa hata katika khati za Kiarabu hakuna kitu kinachokwenda kwa kukisia. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliziwekea herufi kipimo: nukta moja ya kalamu ndiyo ratili, na alifu na ndugu zake wote hupimwa kwa hiyo nukta. Basi nami nikafanya kilemba cha yule kijana kuwa nukta yangu. Nikapima kwa penseli: kutoka kilemba mpaka goti ni vilemba vingapi? Upana wa magoti je? Nikapiga miraba myembamba juu ya karatasi ya plastiki angavu, nikaiweka juu ya picha, na miraba mingine kama hiyo nikaipiga juu ya karatasi yangu. Tena nikakigeuza kitabu juu chini. Ukiigeuza picha, jicho huacha kusema "hili ni pua, pua naijua," likaanza kutazama mstari ulivyo hasa. Mambo mengi tunayakosea si kwa kutoyaona, bali kwa kudhani kuwa tunayajua.

Karatasi nyeupe nayo ilinishinda. Juu ya weupe kila rangi huonekana nyeusi kuliko ilivyo, na mtu hupotea. Nikachukua karatasi ya kaki, ile ya kufungia vitu dukani, ambayo ina mkwaruzo kidogo wa kuushika unga. Kaki ile ikawa ndiyo rangi ya katikati. Kilichobaki ni kutia kivuli kuelekea chini na mwanga kuelekea juu. Nikajifunza kuilaza chaki ubavu na kuipitisha kwa wepesi, nikianza na rangi za giza, kwani ukianza na nyeupe kila kitakachofuata huwa kama maziwa yaliyoingia majivu. Nikajifunza kutosugua sana kwa kidole, maana rangi ikisuguliwa mno hufa. Nikajifunza kuwa kivuli cha kilemba cheupe si cheusi, ni buluu na zambarau na hudhurungi, tabaka juu ya tabaka. Na weupe wenyewe hutiwa mwisho, mahali pachache, kama chumvi. Unga unaoanguka usiupulize kwa mdomo ukauvuta kifuani. Isimamishe karatasi uigonge kwa nyuma.

Kwa namna hiyo nilikaa miezi minne. Karatasi ya saba ndiyo iliyokubali.

Sasa ngoja nikupe habari ya picha yenyewe, kwani ina mazingatio. Mwaka 1479 Sultani Muhammad wa Pili, yule aliyeifungua Konstantinopoli mwaka 1453, alitaka serikali ya Venice impelekee mchoraji hodari, nayo ikampeleka Gentile Bellini. Picha ya kijana anayeandika inahusishwa na safari hiyo. Ni ndogo, kiasi cha sentimita 18 kwa 14, ya wino na rangi za maji na dhahabu, na leo imo katika nyumba ya makumbusho mjini Boston, Marekani. Baadaye picha hiyo ilifika Uajemi, na huko mchoraji Mwislamu akaiketia akaifuatisha. Nakala hiyo, inayohusishwa na Bihzad wa Herat, bingwa wa wachoraji wa Kiajemi, nayo ipo leo, mjini Washington. Lakini yule bingwa hakuhamisha tu. Kijana aliyekuwa akiandika amemfanya mchoraji, na ukurasa uliokuwa mweupe ameutia picha. Mimi mtu wa Ngamiani nilikuwa nikitembea katika njia iliyokwisha kupitwa na mabingwa.

Basi nikamtia kijana wangu ngozi ya hudhurungi kama ya watoto wetu wa Pwani.

Najua, ndugu msomaji, swali lililo kinywani mwako tangu mwanzo: je, picha ya mwanadamu? Swali hilo halikunipita. Kaka yangu, ambaye amesomesha chuo maisha yake yote, alikuja nyumbani siku moja baada ya Alasiri, akaiona karatasi ukutani. Hakupandisha sauti. Aliketi barazani, akanywa kahawa, kisha akasema:

"Ndugu yangu, unamkumbuka yule mtu aliyemwendea Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, akamwambia kuwa riziki yake ni kutengeneza sanamu na picha?"

Nikasema, "Namkumbuka. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume, Sala na Amani zimshukie, mpaka yule mtu akabadilika rangi. Kisha akamwelekeza, ikiwa hana budi, achore miti na visivyo na roho."

"Basi unayajua."

"Nayajua, Kaka. Lakini mimi najifunza tu. Sichongi kitu cha kuabudiwa."

Akanitazama. Akasema, "Mimi sikuhukumu. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya picha iliyo bapa na picha yenye kivuli, na wewe una akili yako. Neno moja tu nakuomba. Katika majina mazuri ya Mola wetu lipo Al-Musawwir, Mtia sura. Kila ukishika chaki, likumbuke. Madhara ya picha mengi yamo katika madai."

Nilimsikia kwa masikio, moyo haukusikia. Nilidhani anasema juu ya chaki na karatasi.

Mwezi haukupita, akaja bwana mmoja mfanyabiashara niliyewahi kumfundishia wanawe. Alimleta mgeni wake ale halua kwangu, na wote wawili wakasimama mbele ya picha. Nilikuwa nimekwisha kuitia fremu, na kioo nimekiinua kidogo kisiuguse ule unga. Mfanyabiashara akasema, "Maalim, sikujua kuwa una mambo haya! Huyu ni mwanafunzi wa chuo hasa. Umemtoa wapi?"

Msomaji wangu, swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa fupi. Kitabu kilikuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka tuliposimama. Mimi nikatabasamu. Nikasema, "Siku nyingi nimekaa naye." Neno hilo lilikuwa kweli, nami nikalitumia kufanya kazi ya uongo.

Akanipa shilingi laki mbili, nami nikazipokea. Nilikuwa na haja nazo, sikufichi: ada ya mjukuu ilikuwa imechelewa, na paa la uani lilikuwa likivuja. Kabla hajaichukua picha akaniomba niandike jina langu chini. Nikaliandika, kwa chaki nyeupe, kwa khati nzuri.

Picha ikatundikwa dukani kwake. Watu wakaiona, na salamu msikitini zikabadilika. Mtu akinipa mkono alisema, "Maalim, tumeiona kazi yako, mashaallah." Nikaambiwa kuwa huenda nikaitwa kuwafundisha vijana kuchora, kwa malipo. Kila sifa iliyoingia sikioni ilikuwa tamu, na baada ya utamu ulibaki ukakasi kama wa korosho mbichi. Nikajipa udhuru: si mikono yangu? Si miezi yangu minne? Si mimi niliyeibadili ngozi? Nafsi haikosi wakili.

Sasa, yule mjukuu ambaye ada yake ilitoka katika fedha hizo alikuwa akikaa ubavuni mwangu kila nikichora. Nilimpa chaki zilizokatika akawa anajifunzia. Siku moja alikiweka mbele yake kipande changu kimoja cha zamani, mkono wa yule kijana na kalamu yake, akaufuatisha. Aliufanya vizuri kuliko nilivyoutazamia. Nilipoushika nikaona kuwa chini ameandika jina lake, kwa chaki nyeupe.

Nikamwambia kwa upole wa kialimu, "Mjukuu wangu, mkono ni wako kuuchora, lakini kazi hii si yako. Umeitoa kwangu. Ungeandika kuwa umenakili kwa Babu."

Akanitazama kwa macho safi. Hakuwa na ubishi wala dharau. Akauliza, "Na ile ya dukani, Babu? Mbona hukuandika kuwa umenakili kitabuni?"

Sikuwa na la kumjibu. Adhana ya Magharibi ilinisaidia kusimama. Lakini katika sala ile, kila nilipoinama kusujudu, nililiona jina langu jeupe chini ya picha ya mtu mwingine.

Usiku nilikwenda kwa kaka yangu nikamweleza kila kitu, hata tabasamu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilikuambia madhara yamo katika madai, nawe ukadhani nasema juu ya chaki. Mwanadamu haumbi kitu. Hata huyo bwana wa Venice alimkuta kijana aliyekwisha umbwa, akamtazama, akamwandika. Na Mwajemi akamwandika wa Venice. Na wewe ukamwandika huyo. Hakuna aibu katika silsila hiyo, kila mmoja akimtaja aliye nyuma yake. Aliyekata silsila ni wewe."

Nikauliza, "Nifanye nini?"

Akasema, "Haki ya Mwenyezi Mungu inaondoka kwa toba. Haki ya mja hairudi kwa machozi ya usiku. Nenda dukani mchana."

Nikaenda, nimekishika kitabu kwapani. Nikakifungua juu ya meza ya duka, nikasema, "Bwana, hii ndiyo asili yake. Mimi nilifuatisha. Ulipouliza nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo. Fedha zako nitazirudisha."

Ningependa kukuambia kuwa alinikumbatia. Hakufanya hivyo. Aliitazama picha ya kitabuni, akaitazama ya ukutani, uso wake ukajifunga. Alikuwa amewaambia watu wengi kuwa hii ni kazi ya kubuniwa hapa Tanga, na sasa yeye pia alionekana mwongo kwa ajili yangu. Akasema, "Sikuuliza bei ya picha tu, Maalim, niliuliza na habari yake." Akaiteremsha akanipa. Laki mbili nilizirudisha kwa miezi mitano, elfu arobaini kila mwezi, katika pensheni. Habari ya kufundisha vijana haikusikika tena. Paa la uani liliendelea kuvuja masika yale, nami kila nilipoweka ndoo nilijiambia kuwa matone haya ni heri kuliko yale ya sifa.

Nyuma ya picha ile nimeandika kwa wino: "Imenakiliwa kutoka picha inayohusishwa na Gentile Bellini; rangi ya ngozi imebadilishwa na mnakili." Imo sandukuni. Sikuitundika tena, kwa heshima ya kaka yangu, na kwa ajili ya wanaosali katika chumba kile. Tangu hapo nimelifuata agizo la Ibn Abbas. Nachora mikoko ya Sahare maji yakiwa yamekupwa, na ngalawa zilizolala juu ya mchanga. Nakwenda Tongoni, kiasi cha kilomita 17 kusini mwa mji, nikaketi mbele ya msikiti wa kale uliobomoka na makaburi yapatayo 40, yale yenye nguzo na vishimo ambamo zamani bakuli za kigeni zilipachikwa. Matumbawe yale yaliyoliwa na miaka yana kivuli cha buluu na zambarau na hudhurungi, sawasawa na kilemba cha yule kijana. Kwa hiyo kazi ya miezi minne haikupotea. Alichonifundisha mwalimu wangu asiyenijua ninacho mpaka leo, na kila nikitia weupe mwisho, namtaja.

Ndugu msomaji, huenda ukasema, mimi si mchoraji, habari hii yanihusu nini? Yakuhusu. Hapa Pwani elimu yetu imesimama juu ya wanakili. Tungepataje habari za Abushiri na vita vya Wadachi alivyotungia utenzi Sheikh Hemed bin Abdallah al-Buhriy wa huku kwetu, lau si mikono iliyoandika na mikono iliyonakili? Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi na mchongaji wa mbao, na pia mwandishi wa hati aliyenakili tenzi za waliomtangulia. Nakala alizoziandika zimehifadhiwa hata London. Watu hao walikuwa na dasturi njema: mwisho wa hati hutajwa aliyetunga, hutajwa na aliyeandika, mara nyingi pamoja na tarehe na dua ya kuombewa msamaha kwa makosa ya kalamu. Mstari huo wa mwisho ndio amana ya mnakili. Mimi niliandika nusu yake.

Basi khatibu anayesoma hotuba ya mwenziwe, na amtaje. Kijana anayepeleka shairi la mtu kwa watu, na alitie jina la mtunzi. Fundi aliyechonga mlango kwa mfano wa mlango wa babu yake, aseme, "Hii ni nakshi ya marehemu fulani." Mke aliyefundishwa pishi na mkwewe, akisifiwa na wageni, amtaje mkwewe naye yupo jikoni anasikia. Jambo hili halimpunguzii mtu kitu. Bali anayemtaja mwalimu wake huwaonyesha watu kuwa alipata kufundishwa, na hiyo nayo ni neema.

Nanyi wazazi, msiwazuie watoto kufuatisha. Wapeni kitu kizuri cha kufuatisha, wapimeni kwa nukta, waacheni wakosee mara saba. Lakini siku watakapofaulu, wafundisheni kuandika majina mawili, la aliyetangulia na lao. Mjukuu wangu hufanya hivyo sasa. Juzi alinionyesha mkoko aliouchora, na chini ameandika: "Umechorwa na mimi, kwa kumwangalia Babu, naye kwa kumwangalia mkoko." Nilitaka kumuuliza, na mkoko je? Nikaona mwenyewe kuwa ameacha nafasi nyeupe baada ya neno la mwisho, na sikumuuliza.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema na tuliyoyanyamazia, na atujaalie kuwa wenye kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.